Ngozi ya Shangazi si Ngozi ya Losaline

Kila Alhamisi wanawake wa kijiji walikutana ukumbini kutengeneza nguo za magome. Walikaa sakafuni mbele ya gogo refu. Waligonga magome ya mti kwa nyundo za mbao mpaka yakawa mapana na laini kama kitambaa. Nyundo zililia, na midomo nayo haikulala. Habari zote za kijiji zilipita hapo kabla hazijafika kanisani.

Kwenye ncha ya gogo alikaa Meleane, mwanamke mwenye mwili na sauti. Pembeni yake alikaa Siutiti. Meleane alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume wake Kitione. Na kwa Watonga, watu wa visiwa vya Tonga, dada wa baba si mtu wa kuchezea. Neno lake kwa watoto wa ndugu yake liko juu ya neno la baba. Neno la mama ndiyo usiseme! Tangu aolewe, Siutiti alikuwa amesikia maneno mawili mpaka yakamchosha: "Shangazi amesema." Yakishasemwa hayo, basi, mambo yamekwisha.

Siku hiyo habari ilikuwa paa la ukumbi. Kimbunga kilikuwa kimelitoboa. Kijiji kiliamua kufanya sherehe ya kuchangia mabati, na Losaline, binti wa Siutiti mwenye miaka kumi na sita, alichaguliwa kucheza tau'olunga, ngoma ya msichana mmoja. Mchezaji hupakwa mafuta ya nazi mwili mzima. Watu wakipendezwa, humbandika noti kwenye mikono yake inayong'aa. Asipong'aa, watu hunong'ona kwamba kwao hakutunzwa.

"Atacheza na uso ule?" Meleane akauliza kwa sauti. "Siutiti, mtoto wako ana uso kama ganda la tunda la shelisheli!"

Wanawake wakacheka. Siutiti aligonga gome lake kwa nguvu mpaka likatoboka.

"Ni chunusi tu, wifi. Ndiyo umri wake."

"Umri, umri! Mbona mimi sikuwa nazo?" Meleane akatoa kopo dogo mfukoni. "Krimu hii nimeinunua kwa Ofeina, yule daktari wa urembo wa kwenye simu. Nitazame mashavu! Mpake asubuhi na jioni. Na juu yake weka mafuta ya nazi ya kutosha, uso uanze kuzoea kung'aa."

Kopo lilikuwa jeupe, limebandikwa ua la dhahabu. Siutiti aliligeuza juu, akaligeuza chini. Halikuandikwa krimu imetengenezwa kwa kitu gani, wala wapi, wala na nani. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alitaka kusema hivyo mbele ya wote. Akayameza maneno, na yalikuwa machungu.

"Ahsante, wifi," akasema.

Jioni alimkuta mume wake jikoni anamenya majimbi.

"Kitione, mwambie dada yako sitaki kumpaka mtoto kitu nisichokijua."

Kisu kikasimama. "Nani amwambie? Mimi?"

"Kwani wewe si ndiye baba?"

"Mimi baba, ndiyo. Lakini yeye ni shangazi." Akarudi kwenye majimbi yake. "Unataka nipate laana, mwanamke? Mpake kidogo tu."

"Kidogo wapi? Mguuni?"

Kitione akazidi kumenya. Mwanamume huyu aliwahi kuangusha nguruwe dume kwa mikono mitupu. Mbele ya dada yake alikuwa uji.

Basi Losaline akapakwa. Mwanzoni krimu ilifanya maajabu. Chunusi zilitulia, na uso ukawa laini na mweupe kuliko shingo. Meleane alizunguka kijiji kizima akijisifu. Lakini haukupita muda mrefu, ngozi ikaanza kuwaka. Maji yakiigusa inachoma. Jua likiigusa inachoma. Kisha chunusi zikarudi na ukoo wao wote, nyekundu, zimejaa usaha, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni.

Meleane alimpigia simu Ofeina, akaja na jibu.

"Anasema huo ni uchafu unatoka. Tuongeze krimu."

Losaline akaacha kwenda shule. Alijifungia chumbani, amejitanda shuka kichwani.

"Mama, sitacheza," alisema. "Wamtafute mwingine. Sitaki mtu anione. Hata wewe usinitazame."

Maneno hayo yalimkata Siutiti maini. Alimkasirikia Ofeina, anayetibu watu asiowajua. Alimkasirikia wifi yake na mdomo wake. Alimkasirikia Kitione na majimbi yake. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu mikono iliyompaka mtoto ilikuwa yake. Ni adabu gani hii inayokula uso wa mtoto?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Asubuhi Siutiti akaenda kwa Meleane.

"Wifi, nampeleka Losaline zahanati. Lakini mimi nitasema nini huko? Mwenye neno ni shangazi. Twende ukaseme wewe."

Kusema ndiko Meleane alikokupenda. Akafunga kiunoni mkeka wake, vazi la heshima la kwao, wakaondoka na Losaline, shuka lake kichwani.

Nesi Pisila alimkalisha Losaline karibu na dirisha, akautazama uso wake kwa utulivu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Unapaka nini?"

"Krimu nzuri sana," Meleane akadakia. "Na mafuta ya nazi juu yake. Krimu hiyo mimi mwenyewe naitumia."

Nesi akalichukua kopo mkononi mwa Siutiti. "Humu ndani kuna nini?"

"Mimea."

"Mimea gani?"

Meleane akalitazama lile ua la dhahabu kwenye kopo.

"Mimi pia siwezi kujua kwa macho," nesi akasema. "Lakini ngozi kuwaka hivi, na chunusi kutulia haraka halafu kurudi kwa kishindo, nimeyaona kwa wengine. Kuna krimu zinazotiwa dawa kali kwa siri, dawa za kuandikiwa na daktari tu. Zikipakwa ovyo, ngozi hukonda ikawa kama karatasi. Nyingine hutiwa zebaki ili zing'arishe. Zebaki ni sumu. Huharibu hata figo."

"Mbona mimi imenipenda?"

"Ngozi yako ikoje ukimaliza kunawa, ukikaa kidogo bila kupaka kitu?"

"Inavuta. Inatoa magamba."

"Hiyo ni ngozi kavu. Inafurahia mafuta. Na yako, Losaline?"

Losaline alijibu kwa sauti ndogo. "Nikinawa asubuhi, kabla kipindi cha kwanza hakijaisha uso umeshalowa mafuta."

"Basi yako ni ngozi ya mafuta. Ukiongeza mafuta ya nazi usoni, unaziba vitundu vyake, na chunusi zinazidi. Mikononi na miguuni pakeni tu, hakuna neno. Usoni mwake, hapana. Kuna wengine hung'aa paji na pua, mashavu yao makavu. Kuna wengine ngozi yao hukasirika kwa kitu kidogo tu. Mnaweza kula chungu kimoja, lakini ngozi zenu zikataka mambo mbalimbali."

Meleane akasimama. "Kwa hiyo mimi nimemdhuru mtoto wa ndugu yangu? Ndivyo unavyosema?"

Nesi alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Ndiyo, wifi," Siutiti akasema.

Hata yeye alishtuka kuisikia sauti yake. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka.

"Ndiyo! Na mimi pia nimemdhuru. Wewe uliagiza, mimi nikapaka, baba yake akamenya majimbi! Sote tulikuwa na adabu nzuri, na anayeungua ni mtoto! Nimekuheshimu tangu niolewe, na nitakuheshimu mpaka nife. Lakini krimu hiyo hairudi kwenye uso wa mwanangu. Nilaani ukitaka!"

Meleane alimgeukia Losaline. Msichana alikuwa anavuta shuka lake afiche uso, hata shangazi yake asiuone. Meleane akakaa chini taratibu. Akatoa simu, akaifungulia sauti.

"Ofeina, ni mimi Meleane. Krimu yako ina nini ndani?"

"Hiyo ni siri yangu ya kazi, mpenzi. Mtoto umemwongezea?"

"Uso wake unawaka moto."

"Basi ana uchafu mwingi huyo! Chukua makopo mawili, nakupunguzia bei."

"Umewahi kumwona?"

"Nani?"

"Mtoto!"

"Nimwone wa nini, mpenzi? Ngozi ni ngozi."

Meleane akakata simu.

"Ngozi ni ngozi," akarudia. "Na mimi nikamwita daktari, mwongo mkubwa yule!"

"Na wewe, mama," nesi akamwambia kwa upole, "hiyo mishipa myekundu shavuni ulikuwa nayo zamani?"

Meleane akalishika shavu lake. Hakuwa nayo zamani.

Nesi aliwaandikia wote wawili, Losaline na shangazi yake, waonane na daktari. "Mwoneni haraka, awaongoze jinsi ya kuiacha krimu hii," alisema. "Ukishaizoesha ngozi dawa kali, ukaiacha, inaweza kufura kwa muda. Msiogope, na msiirudie." Losaline alifundishwa kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kwa vidole, bila kusugua. Aliambiwa asizibinye chunusi, na avae kofia juani.

"Na tukitaka kununua kitu kingine, tutajuaje?" Siutiti akauliza.

"Soma kilichoandikwa. Kisichoandikwa kitu, kiache dukani. Kipya kijaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa mkono, siku kadhaa, uone kama kinawasha. Na ukitaka ushauri, muulize mtu ambaye hana cha kukuuzia."

Daktari alimpa Losaline dawa, akamwambia ukweli: itachukua wiki nyingi. Mwanzoni uso ulifura, na nyumba nzima ikapata wasiwasi. Kitione alianza kuchota maji safi ya kunawa ya binti yake kila asubuhi, bila kuambiwa. Polepole moto ukapoa. Chunusi zikapungua, yakabaki makovu meusi machache. Losaline akarudi shule bila shuka.

Alhamisi moja Meleane akagonga gogo kwa nyundo mpaka kila mtu akanyamaza.

"Nani mwingine ana kopo la Ofeina? Leteni hapa!"

Nani angekataa? Makopo yakatoka mifukoni, moja baada ya jingine. Kila mwanamke alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa anaungua. Meleane aliyabeba yote mpaka kwa nesi Pisila ili yapelekwe kupimwa.

Siku ya sherehe, Losaline alikaa nyuma ya ukumbi akipakwa mafuta. Shangazi yake alimpaka mikono na miguu mpaka ikameremeta. Bibi Tapaita, mwalimu wa ngoma, alikuja akauona uso mkavu. Akachota mafuta kiganja kizima.

"Uso haung'ai! Mnataka watu waseme nini?"

Meleane akamdaka mkono hewani.

"Waseme shangazi amekataza."

Bibi Tapaita akashusha mkono. Neno lilikuwa limeshasemwa, basi.

Losaline alicheza chini ya lile paa lililotoboka. Mikono yake iling'aa. Usoni alikuwa na makovu yake machache, na kidevu amekiinua, kila mtu amwone. Wa kwanza kumbandika noti alikuwa Meleane. Kitione alifuata, akilia waziwazi.

Mwanamke mmoja alimwinamia Siutiti. "Mbona hamkumpaka usoni?"

Siutiti hakuondoa macho kwa binti yake.

"Shangazi amesema," akajibu. Na tangu aolewe, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyaona maneno hayo matamu mdomoni mwake.