Kiti cha Tatu Mezani kwa Elie

Hebu fumba macho kidogo, uone jiko. Meza ya mbao imesuguliwa mpaka imekuwa nyeupe, birika linafuka, na dirishani umetanda ukungu wa baharini kama mgeni asiyetaka kuaga. Mezani kuna vikombe vitatu. Waliokaa ni wawili. Sasa kitazame kikombe cha tatu, wala usiwe na haraka. Chai imejazwa hadi ukingoni. Hakuna aliyekigusa. Na bado chai inashuka, taratibu, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, mpaka yanabaki majani tu.

Perrine Vaudin aliliona jambo hilo Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Alidhani kikombe kina ufa. Alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, kikalia vizuri kabisa. Meza chini yake ilikuwa kavu.

"Elie, nani kanywa hii?"

Mumewe hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Mgeni," alisema.

Kisiwa chao kiko kati ya Uingereza na Ufaransa, nacho ni kidogo. Ukianza kutembea asubuhi, unakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hakina magari. Kina matrekta, baiskeli, ng'ombe, na watu mia tano wanaojuana kwa kikohozi. Kodi ya mapato hakuna, wala haijawahi kuwepo. Ndiyo maana wakala mmoja wa makampuni alivuka bahari akamfuata Elie, mfugaji wa ng'ombe saba, akamfanya mkurugenzi wa kampuni inayochimba shaba katika nchi ambayo Elie hakuweza kuionyesha kwenye ramani. Kule ilikochimba, kampuni ilitakiwa ilipe kodi. Lakini wenye akili zao walikuwa wameshapata njia. Kampuni huhesabiwa kwamba inaishi pale wakuu wake wanapokutana. Basi wakuu wakutane jikoni kwa Elie, na faida ije ipumzike hapa, ambapo hakuna wa kuigusa.

"Kazi yako ni kutia sahihi tu," wakala alimwambia. "Ukiulizwa, sema mkutano ulifanyika hapa, kampuni ilikuwepo, chai ilinyweka."

Mtu mwingine angedanganya, akalala usingizi wake. Lakini kisiwani kule mlevi huchekwa akasamehewa, na aliyeapa uongo hanunuliwi hata maziwa. Kwa hiyo Elie, ili asije akaapa uongo, alilifanya jambo lenyewe kweli. Kwa kila kampuni aliyoletewa na wakala alivuta kiti cha tatu, akamimina chai, akasema kwa sauti: "Karibu. Kaa. Hapa ni kwako." Kisha ndipo akatia sahihi. Mwaka wa kwanza zilikuwa kampuni kumi na mbili. Mwaka wa sita zilifika elfu mbili na mia nne.

Kiumbe kisicho na mwili, kisichozaliwa na mama, kisichokufa, chenye jina tu na kinachotafuta pa kukaa: kwetu sisi mtoto mdogo anajua kinavyoitwa. Na anajua kwamba hakiambiwi karibu.

Baada ya kikombe ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya sarafu iliyowekwa chini ya ulimi, imechanganyika na dawa ya kusafishia hospitali. Perrine alipiga deki, akafungua madirisha, akaanika mazulia. Harufu ilingoja madirisha yafungwe. Kisha mchana mmoja, alipokuwa anakata kabichi, akasikia kikohozi kutoka kwenye gunia la barua za kampuni lililoegemea ukuta. Kilikuwa kikohozi cha mtoto, kikavu, mara tatu, kisha kimya, kama mtoto anayengoja aitwe jina lake.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa Elie mwenyewe. Mbwa wao, Filou, alianza kumbwekea. Blanchette, ng'ombe aliyemzoea tangu ndama, alizuia maziwa Elie alipomshika.

"Umekula?" Perrine aliuliza.

"Tumekula."

"Wewe na nani?"

Elie alirudi kwenye karatasi zake.

Jirani yao, Bertrande, alikuja kuazima unga akasimama mlangoni bila kuingia. "Mumeo siku hizi kapauka, mwenzangu. Kama shati lililofuliwa mpaka limesahau rangi yake."

"Kazi nyingi."

"Kazi gani ya kukaa kitako? Wangu naye anakaa hivyohivyo. Ana elfu moja na mia tatu." Bertrande aliteremsha sauti. "Nimefunga kabati la vikombe kwa ufunguo, Perrine. Asubuhi nikakuta kimoja mezani. Cha moto."

Mwezi wa nne Baraza la kisiwa likakutana katika ukumbi wa shule, wajumbe arobaini, Elie akiwa mmoja wao. Mwalimu Marguerite Perrée alisimama na hoja yake ya kila mwaka: mtu asiwe mkurugenzi wa kampuni asiyoijua, na kila kampuni imtaje mwenyewe hasa ni nani, ili nchi zinakochimba zijue pa kudai kodi yao. Perrine alikaa nyuma, kwenye benchi la wasikilizaji. Hoja ikipita, kiti cha tatu kingeondoka jikoni kwake. Hakuwa na tumaini lingine.

"Mwalimu," alisema Cyril Hamon, mwenye hoteli, akitabasamu, "paa la ukumbi huu lilitoka wapi, kama si kwa ada za kampuni hizi? Wewe umefundishia chini yake miaka mitano, sijakuona na mwavuli."

Watu wakacheka.

"Na watoto wa kule shaba inakotoka, Cyril? Wao paa lao liko wapi?"

"Wana baraza lao, wakalililie. Tukiwafukuza hawa, kesho watakuwa kisiwa cha jirani wanakunywa chai ya wenzetu, nasi tubaki na upepo. Tena mimi sikatai, mama. Nasema iundwe kamati ichunguze."

"Kamati ya kwanza haijakutana mpaka leo. Ya pili mwenyekiti wake ni wewe."

"Basi ya tatu itakuwa na uzoefu."

Wakacheka tena, na karani, Bwana Osmond, akaomba wanaotaka jambo liahirishwe wanyooshe mikono. Perrine alianza kuhesabu, kwa sababu mtu mwenye hofu huhesabu, na alipofika arobaini akajua amekosea, kwa kuwa wajumbe walioketi wamenyamaza bila kunyoosha aliwaona kwa macho yake, watu tisa pamoja na Mwalimu, akaanza upya pole pole, kichwa na mkono, kichwa na mkono, na ndipo akaona kwamba juu ya kila mkono wa mtu ulikuwepo mkono mwingine, mwembamba, wa kijivu, uliotokea nyuma ya bega, na kwamba mikono ya Elie yote miwili ilikuwa magotini imeshikana kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, na bado begani kwake ulinyooka mkono, umetulia, kama wa mwanafunzi anayelijua jibu.

Bwana Osmond alipitisha kalamu hewani safu kwa safu. "Thelathini na moja," alisema, akaandika.

Alasiri hiyo Perrine alimkuta Elie mezani. Mto wa kiti cha tatu ulikuwa umebonyea.

"Elie."

Aliendelea kuandika.

"Unaitwa nani?" Perrine aliuliza.

"Shaba ya Kilima cha Nne," alisema mumewe kwa utulivu. "Shaba ya Kilima cha Tano. Meli za Nyota ya Kusini." Akaendelea, jina baada ya jina, na mkono wake ukiandika.

Perrine alikimbia nje, akawaita Bertrande na Mwalimu, kwa maana inatakiwa wawepo mashahidi wawili. Kisiwani kule wana desturi ya kale kuliko kanisa lao. Mtu akivamiwa katika mali yake hupiga magoti kichwa wazi, akalia kilio cha Haro, na anayemdhulumu, hata awe tajiri wa namna gani, lazima asimame palepale. Perrine alivua kitambaa, akapiga magoti kwenye kizingiti cha jiko lake.

"Haro! Haro! Haro! Nisaidie, Mwana wa Mfalme, nadhulumiwa."

Akasali Baba Yetu kwa Kifaransa cha mababu, Bertrande na Mwalimu wakiwa wamesimama nyuma yake. Aliposema amina, kalamu ilisimama. Mto wa kiti ukainuka. Harufu ikatoka mlangoni ikiwapita usoni, baridi kama shuka mbichi.

Elie alipikicha macho. "Perrine? Mbona uko chini? Blanchette kakamuliwa?"

Usiku huo Filou alilala juu ya miguu ya Elie.

Lakini Haro husimamisha tu. Ili idumu, lazima iandikwe mahakamani kabla saa ileile ya kesho yake haijafika, na saa yao ilikuwa tisa alasiri. Asubuhi Perrine alikichoma kiti cha tatu uani, kisha akapanda baiskeli kwenda kwa Bwana Osmond.

"Mlalamikiwa ni nani?" aliuliza karani.

"Anayekaa kiti cha tatu."

Bwana Osmond hakucheka. Alifungua jalada, akafunua kurasa kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Anaishi wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sahihi ya mumeo, mara elfu mbili na mia nne. Haro humzuia mvamizi, Bibi Perrine. Mkazi haimfukuzi."

"Ile mikono ya jana uliiona."

"Nilihesabu watu." Akatazama mlango, kisha akanong'ona. "Baraza lingepitisha hoja, ningekuandikia sasa hivi. Lakini limeahirisha. Usiseme kwa sauti, nakuomba. Mimi ninazo mia tisa."

Mezani pake palikuwa na vikombe viwili. Yeye alikuwa hajanywa. Chai ya kimoja ilikuwa inashuka.

Perrine alirudi nyumbani. Elie alikuwa bandani, paji la uso kwenye ubavu wa Blanchette, maziwa yakiimba ndani ya ndoo.

"Wameandika?" aliuliza bila kusimama.

"Wameunda kamati."

Elie alicheka kidogo, cheko lake la zamani, na Perrine akageuka akijifanya anatafuta kigoda.

"Nikuambie nilikokuwa?" Elie alisema. "Ni wodi ndefu, kule shaba inakotoka. Kabati la dawa liko wazi na halina kitu. Nimekaa kwenye kitanda cha mtoto anayekohoa. Ananiuliza kama mimi ndiye daktari."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia mimi ni mkurugenzi."

Walikunywa supu ya maharage. Walikaa karibu, viti viwili, vikombe viwili, na Perrine alimshika mkono juu ya meza, akahisi joto lake lote. Kengele ya kanisa ikaanza kugonga saa tisa. Ilipomaliza, Elie aliuondoa mkono wake kwa adabu. Akasimama, akakisogeza nyuma kiti chake mwenyewe kama mtu anayempisha mkubwa, akaenda kuegemea ukuta. Kiti kikakwaruza sakafu, kikajisogeza mezani peke yake. Filou akatoka nje mkia chini.

"Umekula, mume wangu?" Perrine aliuliza, ijapokuwa alimwona akila.

"Tumekula," alisema Elie.

Na gunia lililoegemea ukuta likakohoa, mara tatu, likangoja.

Sasa fumbua macho. Meza ukitaka isahau, na vikombe visahau, na hata ile mikono ya kijivu. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: yule mtoto bado anangoja ajibiwe.