Namba Arobaini na Moja

Kila asubuhi saa tatu kamili, Karani alikaa kwenye ngazi nje ya mlango wao, mahali pekee katika jengo lile ambapo mtandao ulikubali kutulia. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa kupenda kuandika kila kitu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, shule yake ilikuwa imefungwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kushika simu ya kaka yake.

Kaka alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Maradhi yalipoenea na vyuo kufungwa, masomo yalihamia kwenye simu. Wiki ya kwanza alihudhuria mwenyewe. Wiki ya pili akasema kichwa kinamuuma. Kuanzia ya tatu alilala fofofo, huku mhadhiri akiita namba yake, arobaini na moja, na Karani akiandika, "Nipo." Majibu ya mitihani yalitumwa na wanafunzi wenzake, Karani akayanakili. Kaka akapata tisini na mbili. Mama, aliyeshinda sebuleni akishona barakoa, alibandika alama zile ukutani juu ya cherehani, akawa anamwita "muuguzi wangu". Karani naye alivimba kichwa kidogo, maana alijiona ana haki ya nusu ya tisini na mbili zile.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi moja mchana bibi alishika ukingo wa meza, akasema, "Mbona nyumba inazunguka?" kisha akaketi kwa kishindo. Kichwa kilimgonga na macho yaliona ukungu.

Mama alipiga simu ya dharura.

"Magari ni machache na wagonjwa ni wengi, mama," alijibu mpokeaji. "Presha yake ngapi? Nikijua hiyo ndipo nitajua nianze na nani. Una mtu wa kumpima?"

"Ninaye muuguzi humu humu ndani," mama alisema kwa fahari. "Subiri kidogo."

Kila mwanafunzi alipewa vifaa vya kupimia presha siku chuo kilipofungwa: mkanda wa kujazwa hewa na kifaa cha kusikilizia mapigo. Mfuko wa kaka ulikuwa haujafunguliwa hata mara moja. Kaka aliurarua kwa meno. Akauzungusha mkanda kwenye mkono wa bibi, ukafunguka. Akaurudia, ukafunguka tena.

"Vidole viwili juu ya kiwiko," Karani alinong'ona. "Mwalimu alionyesha kwa mume wake."

"Basi fanya wewe!"

Karani alifanya. Maneno yote aliyajua. Alijaza hewa, akaiachia polepole, akasikiliza, na hakusikia chochote ila moyo wake mwenyewe ukienda mbio. Kuona alikuwa ameona sana, ila hakuwahi kushika. Machozi yakamtoka.

"Ngapi, mwanangu?" mama alimuuliza kaka.

Kaka alitazama alama zake ukutani. "Mia moja na ishirini kwa..." alianza kwa sauti ndogo. Hiyo ni presha ya mtu mzima wa afya. Nayo ingelipeleka gari kwa mtu mwingine.

"Mwongo!" Karani alipiga kelele. "Hatujui! Mama, mimi ndiye ninayehudhuria. Yeye hulala!"

Mama hakugomba. Aliziangalia zile alama ukutani, simu ikiwa bado sikioni, na hilo liliwaumiza kuliko fimbo. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Mpigie mwalimu wako," mama alisema hatimaye.

Walimsogeza bibi na kiti chake hadi kwenye ngazi. Uso wa mhadhiri ulipotokea, kaka hakuzunguka mbuyu. "Mwalimu, mimi ni namba arobaini na moja. Sijahudhuria tangu wiki ya tatu. Sijui kupima, na bibi yangu anaumwa."

Mhadhiri alivuta pumzi. "Hayo tutayazungumza. Nionyeshe mkono wake. Shusha mkanda. Kaza. Haya, jaza hewa. Umesikia?"

"Sijasikia."

"Vizuri. Usinitajie namba usiyoisikia. Mpumzishe kidogo, rudia."

Mara ya tatu kaka alishtuka. "Nasikia! Mia mbili na kumi... kwa mia moja na ishirini!"

Mama aliitaja namba ile kwenye simu yake. Gari lilifika baada ya nusu saa.

Bibi alirudi siku ya tano, mkono wake wa kushoto ukishindwa kushika hata kikombe. Daktari alisema wangechelewa zaidi, wasingerudi naye. Chuo kilifuta tisini na mbili zile, na kaka akaanza somo upya.

"Watu huniuliza kama kusoma kwa simu kunafaa," mhadhiri aliwaambia ndugu wawili. "Siku ile kulifaa, kwa sababu mwanafunzi alikuwepo na alisema kweli. Wenzako wanaweza kukupa alama. Masikio hawawezi kukupa. Na wewe Karani, kumsaidia mtu kudanganya si kumsaidia."

Jumatatu saa tatu, Karani alikuwa kwenye ngazi na kitabu chake mwenyewe. Mhadhiri aliita namba arobaini na moja.

"Nipo, mwalimu," kaka alijibu.

Bibi, kitini pembeni yake, alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni. "Hata mimi nipo," alisema. "Upime vizuri mkono huu, mjukuu wangu. Ndio uliobaki."