Zamu ya Mgeni

Alhamisi hiyo fundi wa nguo alifunga duka mapema, saa kumi na moja na robo, akaacha sare tatu za shule mezani zikiwa hazina vifungo. Alikuwa na tairi la kujaza upepo. Halikuwa lake bali la mdogo wake, ambaye alikaa kwenye benchi la wateja akiitazama pampu ikipanda na kushuka bila kusema neno.

Na hapo hasa ndipo palipokuwa na tatizo. Mdogo mtu aliitwa Chiriku tangu darasa la kwanza, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya maji, akilipwa kwa kuongea kutwa nzima, kisha jioni anakuja kwa dada yake kuongea bure. Sasa ilikuwa wiki ya saba maneno yakimpungua. Akipanda ngazi tano anashika ukuta. Kikombe cha chai anakibeba kwa mikono miwili. Madaktari wawili walimpima damu, kifua na moyo, wakasema yuko salama salimini, apumzike tu.

"Leo usiende," fundi alimwambia.

"Wiki iliyopita sikwenda." Chiriku akavuta pumzi. "Si uliona mwenyewe, dada?"

Aliona. Alhamisi iliyopita alimlaza mdogo wake kwenye kitanda chake mwenyewe, akafunga mlango kwa komeo. Ilipofika saa kumi na mbili na robo, saa ile ile msafara unapoingia barabara ya kiwandani, Chiriku akiwa usingizini, miguu yake ilianza kwenda. Goti juu, goti chini, taratibu, chini ya shuka. Fundi aliikalia kwa uzito wake wote. Ikaendelea kukanyaga. Ilikanyaga nusu saa nzima, na nje ya dirisha, ghorofa ya pili, pasipo na ngazi wala kibaraza, kuna mtu alikuwa anavuta pumzi.

Basi kukaa nyumbani si dawa. Fundi alikaza kifuniko cha tairi, akajifuta mikono, akasema wanakwenda wote wawili, na leo hili jambo litajulikana mwisho wake.

Msafara wenyewe haukuwa kitu cha kutisha hata kidogo. Kila Alhamisi baada ya kazi watu kama ishirini hukutana mbele ya posta, huuzunguka mji kwa baiskeli, hupiga soga, hurudi, hunywa soda, kila mtu na njia yake. Kiongozi ni Mwalimu, mtu wa hesabu, mwenye filimbi shingoni na sheria nyingi kichwani. Fundi huendesha wa mwisho kabisa ili asiachwe mtu, ndiyo maana wote humwita Mkia, na yeye hajawahi kuliona hilo kuwa tusi.

Sheria moja ya Mwalimu ilihusu barabara ya kiwandani. Ni ndefu, imenyooka, na jioni upepo wake hupiga usoni bila huruma. Hapo hupangana mstari mmoja, na kila mtu hukaa mbele kwa zamu akiwakatia wenzake upepo, nguzo kumi za taa, kisha hujitoa pembeni na kurudi nyuma. Anayefuata nyuma ya gurudumu la mwenzake huenda kwa raha, kama anavutwa. Mgeni peke yake ndiye asiyelazimishwa. Mwalimu alikuwa na msimamo juu ya hilo: mgeni hasukumwi mbele, siku akiwa tayari atasema mwenyewe.

Ulikuwa uungwana tu. Nani angefikiri uungwana utawatokea puani?

Yule mgeni alitokea wiki saba nyuma. Mwanamume mwembamba, kofia ngumu nyeusi, koti limefungwa hadi kidevuni. Hakusema anatoka wapi wala anafanya kazi gani. Siku ile ya kwanza Chiriku alikuwa mbele, maana alikuwa na miguu kuliko wanaume wote pale, na mgeni akaenda moja kwa moja nyuma ya gurudumu lake. Hakuondoka tena hapo. Chiriku aliposhuka hadi katikati ya mstari, naye alishuka. Aliposhuka hadi mwisho, naye yuko naye. Na kila zamu yake ilipofika, Mwalimu akimtazama, alijibu neno moja.

"Bado."

Sasa kwa kuwa Mkia huwa wa mwisho, ndiye aliyekuwa nyuma ya huyo mtu wiki mbili mfululizo. Alimsikiliza. Mnyororo wa baiskeli yake haukuwa na mlio. Koti lake lilinuka nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo ya maji. Na pumzi zake... Mkia alizihesabu toka nguzo ya kwanza hadi ya arobaini.

Alikuwa anavuta tu. Hakuwa anatoa.

Walipofika posta, watu walikuwa wanajaza chupa za maji na kutaniana. Mgeni alisimama mbali kidogo, ameuegemea mti wa umeme, akimtazama Chiriku mgongoni. Kinyozi, mtu wa mizaha ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili, alimvuta Mkia pembeni.

"Dada, nimekuwa nikilifikiria hili la mdogo wako," alinong'ona. "Kule kibarazani kwangu wateja wanasema mengi."

"Sema."

"Kuna watu pumzi zao ziliisha siku nyingi. Wanatembelea za wenzao. Wanamshika mmoja mpaka amalizike, halafu wanahamia kwa mwingine."

"Na wanaondolewaje?"

"Hapo ndipo nilikuwa nimemaliza kumnyoa huyo aliyekuwa akinisimulia. Alilipa akaondoka."

Siku nyingine Mkia angecheka. Alimtazama mdogo wake akihangaika kuvusha mguu juu ya kiti cha baiskeli, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Huyu ndiye mtoto aliyemlea tangu mama yao afariki, aliyemfundisha kuendesha kwa kumshika shati mgongoni. Wala hakuwa na hofu tena. Alikuwa na hasira, hasira nzuri, iliyotulia, ambayo ilimfanya akumbuke kukaza breki zake zote mbili kabla ya kuondoka.

Filimbi ikalia. Wakaondoka.

Walipita sokoni, wakapita daraja la reli, wakazunguka uwanja wa mpira. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo na taa za barabarani zinaanza kuwaka moja moja. Saa kumi na mbili na robo wakaingia barabara ya kiwandani. Upande mmoja uzio wa bati, upande mwingine mtaro. Upepo ukawapiga. Mstari ukajipanga. Mwishoni kabisa: Chiriku, mgeni, Mkia.

Nguzo ya tano, Chiriku akaanza kuyumba.

Nguzo ya nane, kichwa chake kikainama mpaka kidevu kikagusa kifua. Lakini miguu ilienda. Goti juu, goti chini.

Mbele yake Mkia aliisikia ile sauti. Inavuta... inavuta... inavuta...

Hakungoja zaidi. Alichomoka pembeni, akakanyaga kwa nguvu zote, akaja sambamba na mgeni, kisha akaliingiza gurudumu lake kati yake na Chiriku. Nafasi ilikuwa shubiri moja. Tairi lake liligusa la mgeni na likawa baridi mpaka ubaridi ukapanda kwenye usukani. Akasukuma. Akaingia.

Sasa aliyefuatwa alikuwa yeye.

Ilianzia mgongoni. Mapaja yakalegea, mikono ikalegea, kifua kikawa kitupu ingawa alikuwa anahema. Akajaribu kukumbuka siku hiyo ni siku gani. Hakukumbuka. Akajaribu kukumbuka sare zile zilikuwa tatu au nne. Karibu na sikio lake, harufu ya ndoo ile ikaja, na kwa mara ya kwanza yule mtu alisema zaidi ya neno moja.

"Toka. Wewe si laini."

"Ndiyo hivyo," Mkia alisema kwa taabu. "Mimi ni mgumu. Nimeshonea watu miaka kumi na tisa bila kulala, na wewe hutanimaliza kwenye nguzo ishirini."

Kisha akaukusanya uhai wote uliobaki, akapaza sauti iende mpaka mbele.

"Mwalimu. Zamu ya mgeni."

Mstari ukatikisika. Mwalimu akageuka nusu. "Mgeni hasukumwi, Mkia. Unajua."

"Wiki saba si mgeni tena. Leo anakata upepo."

"Bado," ikasema ile sauti nyuma.

"Hakuna bado."

Kinyozi ndiye aliyeelewa kwanza. Alifunga breki, akasimama katikati ya barabara, miguu chini. Wa nyuma yake akasimama. Mwalimu alisita, na mtu yeyote anayemjua atakwambia kwamba kuivunja sheria yake mwenyewe kulimuuma. Lakini alimwona Chiriku, alivyokuwa amelala juu ya usukani. Akapuliza filimbi, ndefu, mara moja. Baiskeli zote ishirini zikasimama, zikajitoa kushoto na kulia, na katikati ikabaki barabara tupu.

Hakukuwa na gurudumu hata moja la kufuata.

Mgeni naye akasimama. Bati la uzio liligonga kwa upepo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akawapitia mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alishusha macho. Mkia hakushusha. Alikuwa ameshika usukani ili asianguke, lakini hakushusha macho.

"Nikienda mbele," mgeni aliuliza taratibu, "nitamfuata nani?"

"Hilo si letu. Nenda."

"Nitaisha."

"Nenda."

Akaenda. Hakuwa na lingine la kufanya, maana watu wote ishirini walikuwa wamemgeukia na hakuna aliyekuwa tayari kutangulia. Walimtazama akipita nguzo ya kwanza kutoka pale waliposimama. Ya pili. Kwenye ya tatu alianza kuyumba. Kwenye ya nne wakasikia kitu ambacho Mkia alikuwa akikisubiri tangu alipozihesabu pumzi zake.

Alitoa pumzi.

Ilikuwa ndefu sana. Ilikuja na upepo, ya moto, ikawapiga usoni, na ndani yake mlikuwa na sauti za watu, wengi, wanawake kwa wanaume, wanaongea kwa pamoja. Kinyozi anaapa mpaka leo alisikia mtoto. Halafu ikapita, barabara ikawa kimya, na mbele hapakuwa na mtu.

"Dada," Chiriku alisema. Alikohoa, akaketi wima. "Dada, mbona tumesimama? Halafu nani huyu ananuka? Mimi nina kiu, nina njaa, na kesho zamu yangu inaanza saa moja, tusikae hapa mpaka..."

Akaendelea. Mkia alilia pale pale barabarani mbele za watu, na hakujali.

Walipofika nguzo ya tano waliikuta baiskeli imelala. Matairi yalikuwa yameoza. Mnyororo ulikuwa umeshikana kwa kutu, Mwalimu alijaribu kuzungusha pedali ikagoma kabisa. Na juu ya kiti kulikuwa na vumbi, nene, halijaguswa. Hakuna aliyependekeza kuichukua. Mwalimu alirudi kesho yake asubuhi kabla ya shule kuitazama, akakuta haipo.

Wiki nne zikapita. Chiriku alirudi mbele ya mstari na kwenye simu za kampuni ya maji, na hakuna aliyepata nafasi ya kuzungumza mbele yake. Msafara ukaendelea. Kuna waliotaka kubadili njia, Mkia akakataa, akasema barabara ile ni ya wote na upepo wake ni wao.

Jumatatu moja mwanamke asiyemjua aliingia dukani na suruali mbili za mumewe.

"Nipunguzie kiuno, fundi. Inchi nne."

"Inchi nne kwa mara moja?"

"Amekonda ghafla. Hospitali hawaoni kitu." Mwanamke akazikunja suruali mezani. "Na ndiyo kwanza ameanza mazoezi, wana kikundi chao cha baiskeli kila Jumanne, upande ule wa mji. Nilitaka aache, ila anasema kuna mwenzao mmoja mpya anamtia moyo sana. Hasemi kitu, anamfuata tu nyuma."

Mkasi ulikuwa mkononi mwa Mkia. Aliuweka chini. Akazichukua suruali zote mbili, akazikunja upya vizuri, akamrudishia mwenyewe.

"Sizipunguzi," alisema. "Zitamtosha tena. Wewe niambie kesho wanaanzia wapi, na saa ngapi."