Fuso la Makene

Fuso lilikata kona ya pili kutoka Mpemba, likamezwa na ukungu.

Anyosisye alikanyaga mafuta. Land Cruiser iliteleza kwenye tope, ikayumba, ikakaa sawa. Barabara ya Isongole mwezi Machi haina rafiki, na goti lake la kulia, lililowahi kupigwa risasi Kasumulu, lilikuwa linamsumbua tangu asubuhi.

Mbele hakukuwa na kitu. Hata taa za nyuma hazikuonekana, na njia za kuchepuka kwenda mtoni zilikuwa nyingi.

"Tumempoteza," alisema.

Germana alikuwa kiti cha nyuma, kompyuta ya Toshiba mapajani, modemu imening'inizwa dirishani kutafuta mtandao. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa Idara ya Usalama, mama mwenye watoto wazima, na alichukia safari za tope kuliko kitu chochote.

Ndani ya Fuso lile, chini ya magunia ya chumvi ya Ivuna, alikuwemo Luhaga.

Kama bado yu hai.

Luhaga alikuwa karani wa wakala mmoja wa forodha pale Tunduma. Anyosisye ndiye aliyemfanya mtoa habari. Alikwenda kwake, akala ugali wake, akamwahidi mkewe, Kabula, kwamba mumewe hatadhurika. Ahadi za namna hiyo alikuwa amezitoa kwa wake wengi katika miaka yake ya ujasusi. Sasa zilimchosha kuliko kukimbizana.

Genge lilikuwa likivusha meno ya tembo kwenda Zambia ndani ya chumvi. Mwaka mzima Idara ilitega masikio kwenye simu zao, ikaambulia patupu. Sababu ilikuwa kazi ya Luhaga mwenyewe, kabla hajajua anamfanyia nani. Aliunganisha mfumo wao wa kutumiana mafaili na ubao wa kazi uliomo kwenye simu za timu nzima. Wakubwa walikuwa wawili, mmoja Lusaka, mwingine hajulikani aliko. Mkubwa anaweka faili kwenye folda. Mfumo unasoma jina la faili, unafungua kazi, unampa mhusika. Simu ya dereva inatetemeka, naye anabonyeza "Nimechukua". Akimaliza anatuma picha, kazi inajifunga.

Hakuna aliyempigia mwenzake. Hakukuwa na cha kusikiliza.

Jana walimshtukia Luhaga. Mchana huu kazi mpya ilifunguka kwenye ubao, Germana akaisoma kwa sauti iliyokauka.

*Luhaga. Mto Songwe. Makene. Picha.*

Picha ya nini, hakuna aliyehitaji kuuliza.

Anyosisye alisimamisha gari. Alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Akimfuata Makene, dereva wa Fuso, kwa kubahatisha, angefika mtoni baada ya ile picha.

"Nywila aliyokupa Luhaga bado inafanya kazi?"

"Inafanya. Aliyekuwa anazibadilisha ni yeye."

"Basi tuweke faili letu."

Germana aliinua macho. Alieleza kwamba mfumo hauangalii nani kaweka, unaangalia folda na jina la faili tu. Wakubwa wataona kazi imefunguka, lakini kila mmoja atadhani ni ya mwenzake, maana hata wao wenyewe hawasemezani. Tatizo ni Makene. Neno moja likienda kombo, anamaliza kazi ya kwanza hapo hapo alipo.

Anyosisye alikohoa. "Andika. Ndugu Makene, pole na safari..."

"Kaka, hawa hawasalimiani."

Kwao Anyosisye, Ileje, hata mtu anayekuja kukudai mbuzi wake huuliza kwanza mmeamkaje. Ilimwia vigumu kumtuma mtu mzima kama anayebonyeza swichi.

"Andika basi. Luhaga, hai. Ghala la kahawa, Mpemba. Makene."

"Na picha?"

"Na picha."

Germana alibonyeza. Mtandao ulisuasua, ukakatika, ukarudi. Faili lilitua.

Anyosisye alimfikiria Kabula. Angeanzaje kumwambia?

Toshiba ililia.

*Makene: Nimechukua.*

Anyosisye alishika redio ya Motorola. "Kimondo, hapa Nondo."

"Nakusikia, Nondo." Ilikuwa sauti ya Inspekta Fanuel, aliyekuwa akisubiri Mpemba na vijana wake.

"Ingieni ghala la kahawa. Geti wazi. Mkae kama wapakiaji."

"Anakuja nani?"

"Makene. Anajileta."

Anyosisye aligeuza gari, wakawahi ghalani. Fuso lilikuja lenyewe, likaingia ndani kinyumenyume, kwa ustadi, bila kugusa nguzo. Makene aliruka chini akiwa na Samsung mkononi, tayari kupiga picha ya kumaliza kazi. Alikutana na mdomo wa Browning ya Anyosisye.

Mkono wake ulikwenda kiunoni. Anyosisye alimpiga kifundo cha mkono kwa kitako cha bastola, mara moja tu. Makarov ilianguka sakafuni. Zamani angeongeza na teke, lakini goti lilikataa.

"Nani kakutuma hapa?"

"Kazi ilifunguka."

"Hukuuliza?"

Makene alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningemuuliza nani?"

Vijana wa Fanuel walishusha magunia. Gunia la tatu lilitoa jino la tembo. Chini kabisa walimkuta Luhaga amefungwa kamba, chumvi imemganda midomoni, jicho moja limevimba.

Walimkalisha. Alitema chumvi, akamwona Anyosisye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akageukia ukutani, maana machozi yalikuwa yamemfika.

Germana hakushuka garini. Aliendelea kuweka mafaili. Magari mengine ya genge yakaanza kuingia Mpemba, moja baada ya jingine, yakiwa na mizigo yake, kila dereva na simu yake mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Makachero wa Lusaka nao walikwisha kumgongea mlango yule mkubwa wa genge aliyekuwa huko. Wa pili alifungua ubao wake kutazama kulikoni, na Germana akaona aliko.

Anyosisye alimpa Luhaga simu yake mwenyewe. "Mpigie mkeo."

Alikuwa amefika getini Luhaga alipomwita. Simu ilikuwa imetetemeka akiwa bado anaongea. Tangu mwezi uliopita Idara nayo ilikuwa na ubao wake.

"Mzee, kazi yako imefunguka. Unatakiwa Kasumulu sasa hivi."

"Kafungua nani?"

Luhaga alitazama kioo cha simu kwa jicho lake zima. "Hakuna mtu. Ni mfumo."

"Basi hautakasirika. Ongea na mkeo."

Alivuka barabara akichechemea, bila kugeuka, akaagiza chai.