Ukungu Chini ya Maranda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliwabadilishia vifaranga maji. Shangazi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Lakini juma hilo alifanya kazi kimya. Vifaranga walikuwa arobaini. Sasa wamebaki kumi na tisa, na wengi wao walisimama midomo wazi, wakihema kama waliokimbizwa.

"Wamekufa wengine watatu," alisema, akiwaweka kwenye karai.

Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliacha kufua nguo za watu ili afuge kuku hawa. "Dawa nimewapa, joto nimewapa. Nifanye nini tena? Yule Mama Vifaranga kaniuzia ugonjwa, na mtaa mzima nimeshauambia!"

Mama Vifaranga na shangazi walikuwa marafiki tangu usichana wao. Jana walipishana njiani bila salamu.

Aliporudi alasiri, alimkuta daktari wa mifugo bandani. Daktari alipiga goti, akatia mkono kwenye maranda yaliyotandikwa sakafuni, akachimba mpaka chini. Akatoa bonge la kijivu linalonuka uvundo.

"Ukungu," alisema. "Vifaranga wameuvuta mapafuni. Juu pakavu, chini pabichi. Nani alitandika hapa?"

Shangazi aligeuka. "Chiriku, si uliniambia seremala kakupa maranda makavu?"

"Yalikuwa makavu, shangazi. Niliacha gunia nje ya karakana nikaenda kuruka kamba. Mvua ikalinyeshea. Nikaogopa. Nikatandika mabichi chini, makavu juu."

Afadhali shangazi angefoka. Aliinuka tu, akaugeuzia ukuta uso wake.

"Na hawa wanaohema, daktari?" Chiriku aliuliza.

"Hao hawana dawa, mwanangu. Tuwaokoe wazima. Ondoa yote haya, fagia, banda lipigwe na jua. Tandika maranda mapya, yasiyo na vumbi, ya mbao ambazo hazijapakwa dawa. Kwanza yafumbate mkononi. Yakishikana bonge, usiyatumie."

Walifanya hivyo. Siku ya nne vifo vilikoma. Walibaki vifaranga sita.

Jumapili shangazi alimshika mkono wakaenda kwa Mama Vifaranga. Chiriku alisema yote, machozi yakimtiririka, na shangazi naye akaomba radhi kwa maneno aliyoyatangaza mtaani. Yule mama aliwasikiliza akiwa mlangoni.

"Nimewasikia," alisema. Hakuwakaribisha ndani.

Walirudi polepole mpaka wakalifikia lango lao.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," shangazi alisema hatimaye. "Maranda mabichi ni kazi ya jua la siku moja tu. Ungeniambia, ningekugombeza, tungeyaanika, yakaisha. Kosa lako lilikuwa dogo, mwanangu. Kulifunika ndiko kulikoua."