Siku ya Saba: Macho

Jirani zangu, nipeni sikio kidogo. Nusu ya habari hii mnaijua, maana mtaa wetu haujui kufunga mdomo. Nusu nyingine ninayo mimi, na inanichoma, kwa sababu mkono wangu umo.

Mimi ndiye mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, ukuta mmoja na wao. Cherehani ya yule mama ikianza kukimbia asubuhi, vikombe vyangu vilikuwa vinacheza kwenye rafu. Nyumba ile ilikuwa na amani. Mume alikuwa karani wa kampuni ya mabasi, kazi yake kupanga gari lipi litoke saa ngapi, ndiyo maana tukamwita Ratiba. Mke alishona nguo, naye tulimwita Fundi tu, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa. Walibaki wawili, wakitaniana kama wachumba.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Ratiba alikaa kwenye stuli kando ya cherehani akamtungia mkewe uzi kwenye sindano kumi za mkono, kila moja na rangi yake, akazichomeka kwenye kimto. Fundi alikuwa akisema matundu ya sindano siku hizi yanatengenezwa madogo. Tulicheka. Tukasema ni umri huo, hata mimi simu naisogeza mbali na uso kama vile inanuka.

Siku moja mteja akaleta gauni la hariri lipunguzwe pindo. Lilikuwa limeshonwa Vietnam. Fundi akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, kisha akaniita.

"Shoga, njoo uone. Hakuna uzi hata mmoja uliopotea njia. Huyu aliyeshona hapa, natamani nimwone anavyokaa."

Ratiba alikuwa mlangoni anavua viatu. "Basi twende," akasema.

"Wapi?"

"Huko huko. Kwa huyo fundi mwenzako."

Tulicheka sana. Lakini Ratiba hakuwa mtu wa kusema neno asiliwekee saa. Miaka thelathini alikuwa amepanga safari za watu, yeye mwenyewe hajavuka mpaka hata mmoja, na akiba ya safari moja walikuwa nayo. Ikamwingia. Akasoma, akauliza, akaandika. Akaugundua mji mdogo kando ya mto, mafundi wa nguo mlango kwa mlango, na jioni taa za hariri zinawashwa juu ya maji, nyekundu, za kijani, za njano. Akajua mvua inanyesha miezi gani, joto ni la kiasi gani, chanjo zipi, viza inachukua siku ngapi. Yote akaniletea niyachape. Ratiba ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Ya nne ilifika kurasa tisa, na ndani yake mlikuwa na dakika za kunywa maji.

"Shemeji," nikamuuliza, "na kujikuna kumepangwa saa ngapi?"

"Kujikuna ni ndani ya ndege," akajibu, wala hakutabasamu.

Nataka nimtendee haki. Yule bwana alipanga kwa mapenzi. Kila ukurasa ulikuwa na neno moja: *aone*. Siku ya pili, mke wangu aone mafundi. Siku ya tatu, aone taa za mtoni. Siku ya tano, aone bahari ilivyo ya kijani. Nimeishi na wanaume wasiojua hata mke anavaa kiatu namba ngapi, kwa hiyo nilimwonea Fundi wivu kidogo, nawaambia ukweli.

Kisha Fundi akaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Mara ya kwanza akasema mlango umehama. Mara ya pili akaangusha kikombe kilichokuwa pembeni yake kabisa. Siku nilipokuwa nachapa ratiba ya tano, wote wawili wakiwa kibandani kwangu, akasema:

"Baba watoto, taa naziona zimezungukwa na pete za rangi. Na kichwa kinaniuma juu ya jicho."

"Uchovu huo. Utapumzika safarini."

"Nataka kupimwa macho."

Ratiba hakumpuuza. Afadhali angempuuza, pengine mwanamke angekasirika akaenda zake. Yeye alitoa kalamu sikioni. "Nimesoma, huko wana wapimaji wazuri, na miwani unaondoka nayo siku hiyo hiyo. Nakuwekea siku ya saba, mchana, baada ya soko." Akanigeukia. "Jirani, rekebisha hapo."

Nikarekebisha. *Siku ya saba: asubuhi, soko, mchana, macho.* Nikaipa herufi nzito, ipendeze.

Fundi hakutosheka. Akaenda zahanati peke yake, muuguzi akamwandikia kadi ya kumwona daktari wa macho, ambaye huja hospitali yetu siku ya Alhamisi tu. Alhamisi hiyo ndiyo waliyoitwa kuchukuliwa alama za vidole za pasipoti.

"Hospitali haihami, mama watoto," Ratiba akasema, tukiwa kibandani kwangu. "Foleni ya pasipoti tukiikosa, kila kitu kinasogea. Macho yamengoja siku zote hizi, yatashindwa na wiki chache?"

Fundi akanitazama mimi. Alitaka mtu mmoja tu wa kusimama upande wake. Nikamwambia, "Nenda pasipoti, shoga. Nani amewahi kufa kwa macho?"

Niliyasema kwa mdomo huu huu ninaowasimulia nao.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya chanjo. Iliyofuata tena, picha za viza, maana za kwanza zilikataliwa. Kisha Fundi mwenyewe akaacha kusema. Najua kuna mmoja hapo anajiuliza mbona hakwenda mwenyewe, ana miguu. Ni rahisi kuuliza ukiwa umekaa. Wewe ukimwona mwenzako wa miaka yote anaamka anaimba kwa sababu anakupeleka mahali, utakuwa na moyo wa kumwambia simamisha? Fundi hakuwa nao.

Zikabaki siku kumi na nane. Alikuwa anajishonea gauni la safari, la buluu. Saa sita mchana, jua limejaa mlangoni, nikasikia cherehani inakwenda, inakwenda, halafu kimya. Kisha sauti yake ukutani:

"Shoga! Umeme umekatika?"

Nilikwenda mbio. Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Kitambaa kilikuwa kimetoka nje ya njia, mshono umepanda begani, umevuka shingo, umeufunga mkono wa gauni kabisa. Yeye, ambaye uzi wake haukuwahi kupotea. Alikuwa anaupapasa kwa vidole, na kwa vidole akaelewa.

Ilikuwa Alhamisi. Ratiba alitukuta hospitali, bado ana sare ya kazi. Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, mpole. Aliisoma kadi ya zahanati. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia.

"Ni presha ya macho," akasema. "La kulia halioni tena. La kushoto limebakiwa na mwanga kidogo."

"Mpe miwani," Ratiba akasema. "Au mpasueni. Lolote, daktari."

"Tutamtibu, baba, ili huo uliobaki usipotee. Uliokwisha kuondoka haurudi. Mngekuja ile Alhamisi iliyoandikwa kwenye kadi, tungemwanzishia dawa ya matone. Huenda leo angekuwa anashona."

Ratiba akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi zake, akazifungua haraka haraka kama mtu anayetafuta tiketi huku gari linaondoka. "Lakini yamo," akasema. "Tazama, daktari. Macho yamo. Siku ya saba."

Binti wa watu akaitazama ile karatasi, akamtazama yeye. Mimi nilizitambua herufi nzito nikageukia ukuta.

Siku waliyokuwa wasafiri, asubuhi, nilikwenda kuwaona. Masanduku mawili yalikuwa nyuma ya mlango. Cherehani ilifunikwa shuka. Ratiba alikuwa kwenye stuli yake ile ile, mikono haina kazi.

"Leo ndiyo siku ya kwanza," Fundi akasema. "Nisomee safari yangu."

"Ya nini tena, mke wangu?"

"Nisomee."

Akasoma. Uwanja wa ndege, siti ya dirishani. Mafundi mlango kwa mlango. Taa za mtoni. Kwenye lile neno *aone* sauti yake ilikuwa inateleza, naye analiruka. Akasoma siku ya tano, ya sita. Akasoma ya nane.

"Umeruka siku," Fundi akasema.

Ratiba akafunua ukurasa mwingine.

"Siku ya saba umeiruka, baba watoto."

Akaisoma. Soko. Mchana, macho.

Fundi hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa nakuomba leo," akasema. "Wewe ukanipa siku ya saba."

Kisha akanyoosha mkono kuutafuta mkono wa mumewe, akakosea, akashika hewa, ndipo Ratiba akausogeza wake. Alilia yule mwanamume, jirani zangu, nami nililia. Fundi ndiye aliyekuwa anatubembeleza.

FUNZO

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa kwetu iliumiza macho, na hayaponi. Mtu wa nyumbani mwako akikwambia panamuuma, usimtafutie nafasi kwenye mipango yako mizuri. Mpeleke leo. Kumpangia mtu raha ya kesho hakulipi kutomsikiliza leo, hata kama unampenda, na Ratiba alimpenda.

Nasi tunaokaa ukuta mmoja na watu, tusiwe wepesi wa kucheka. Mlango hauhami. Mtu akiugonga mara mbili, muulize.

Kesho ni Alhamisi, na daktari wa macho atakuwapo. Nimekwisha kubandika tangazo kibandani, kwa herufi nzito: kumefungwa mpaka mchana. Anayeogopa kwenda peke yake, anigongee asubuhi, twende naye.