Mgombea Asiyetaka Kutangazwa Kwao

—Mama, kwetu wananijua. Hakuna haja ya kunitangaza.

Mheshimiwa Leodegar alisema hivyo huku akirudisha kikombe cha chai mezani, sebuleni kwa mama Clara, Kurasini. Alikuwa mgombea urais wa chama kidogo kinachoitwa Mwamko. Sura yake ilibandikwa kila nguzo ya umeme kuanzia Boko alikopanga mpaka huku bandarini, meno nje, ngumi juu. Sebuleni walikuwa watu wanne tu, lakini yeye aliongea kana kwamba uwanja mzima unamsikiliza.

Mama Clara, jina lake Demetria, hakupepesa jicho. Ni mwanamke wa darasa la saba, anayewapikia madereva wa malori nje ya yadi ya makontena. Lakini kwenye jumuiya yao ya kanisa yeye ndiye mwenyekiti, na taratibu za ndoa anazijua kama anavyojua chumvi ya maharage.

—Baba, jina la bwana harusi linasomwa Jumapili tatu kwenye parokia ya bibi harusi, na kwao bwana harusi vilevile. Anayejua kizuizi aseme. Ndio utaratibu.

—Parokia yangu mie ni Boko.

—Boko umepanga. Nauliza ulikobatizwa.

—Mbinga mbali, mama. Na wapinzani wangu wanatafuta pa kunishika.

—Kwani kutangaza ndoa ni jela?

—Mama jamani! Clara akadakia, uso umemwiva kwa aibu.

Clara alikuwa na miaka ishirini na tisa, karani wa ofisi ya wakala wa forodha. Walijuana miezi minne tu iliyopita, Leodegar alipokuja kufuatilia kontena la fulana za kampeni. Fulana zilitoka bandarini kwa wiki moja. Moyo wa Clara ulitoka kwa siku mbili.

Pembeni alikaa Rogers, katibu wa kampeni, mtu mzima mwenye kitambi na daftari. Akaona aokoe jahazi.

—Mama Clara, usiwe na wasiwasi. Sie tumemfanyia mheshimiwa tathmini. Sera anazo, sauti anayo. Udhaifu wake ni mmoja tu, hana mke. Kila mkutano akina mama wanauliza, mwanaume wa miaka arobaini na nane, mkewe yuko wapi? Ndiyo maana ndoa iwe Jumamosi, Jumapili yake tunazindua kampeni yupo na mke jukwaani. Hapo Ikulu tunaingia asubuhi na mapema!

Leodegar alimkata jicho. Rogers akafunga daftari, lakini maji yalishamwagika.

—Kumbe mwanangu ni dawa ya kura, alisema Demetria taratibu. Anameza nani, wewe au wapiga kura?

—Nampenda Clara, mama. Mungu ni shahidi.

—Mungu shahidi, sawa. Na kanisa la kigangoni kwenu je?

Mgombea akatazama saa, akasema ana kikao.

Walipoondoka tu, Clara aliwaka.

—Umenidhalilisha, mama! Mtu anakuja kwa heshima zake, wewe unamhoji kama mwizi wa kuku!

—Nimeuliza kwao. Nimemtukana?

—Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, Jumatatu ijayo naipeleka. Keki imeshaagizwa. Halafu wewe kwa sababu hujasoma, unaona kila aliyesoma ni mwongo!

Demetria aliinuka. Akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja.

—Sijasoma, ndiyo. Ila mtu anataka nchi nzima imjue, halafu anaogopa kusomwa jina kwao? Hesabu hiyo hata sie wa darasa la saba tunaiweza.

Clara akaingia chumbani, akabamiza mlango.

Kesho yake Demetria alipita ofisi ya parokia. Barua ya matangazo ya kwenda Mbinga, kigango cha Lihutu, ilikuwepo, ina muhuri wa paroko, imelala mezani wiki nzima.

—Bwana harusi alisema ataipeleka mwenyewe, katibu akamwambia. Hajaonekana.

—Nipe mie. Miguu ninayo.

Na miguu yenyewe ilikuwa ya Isack, dereva anayeshusha kahawa ya Mbinga bandarini na kurudi na mbolea. Alikuwa amekaa kwenye benchi la Demetria anachovya chapati kwenye chai.

—Isack, kigango cha Lihutu unakijua?

—Napitaga mlangoni pake, mama. Katekista wao, mzee Stephano, ananiuziaga ndizi.

—Mpe barua hii. Aisome Jumapili hii hii.

Isack akasoma jina juu ya bahasha, akageuka kutazama nguzo ya umeme.

—Si huyu hapa mwenye ngumi? Mama, akishinda si utakuwa mama mkwe wa rais!

—Nitawapikia maharage huko huko Ikulu. Maliza chapati, ukapakie mbolea yako.

Jumapili, saa sita mchana, Demetria ametoka kanisani hata kitenge hajabadili, simu ikaita. Namba ngeni.

—Shikamoo mama.

—Marahaba. Nani mwenzangu?

—Naitwa Eusebia. Niko Mbinga. Namba yako nimepewa na Isack wa lori.

—Ndiyo mwanangu.

—Mie ni mke wa Leodegar.

Demetria akakaa juu ya kreti la soda.

—Mliachana?

—Kanisani mtu anaachanaje, mama? Nina miaka kumi na saba ya ndoa na watoto wawili. Miaka sita iliyopita aliniaga anakwenda Dar kwenye semina ya siku tatu. Mpaka leo yuko semina.

—Uwiii!

—Leo katekista alipotaja jina lake na la msichana wa Dar, kanisa zima liligeuka kunitazama. Nikasimama. Mzee Stephano akaniuliza, "Una kizuizi?" Nikamjibu, "Kizuizi ni mie."

Demetria machozi yakamtoka, hakujua ya furaha au ya uchungu.

—Pole sana, mwanangu.

—Sitaki pole, mama. Mwambie huyo dada asiingie. Sina ugomvi naye.

Haikupita dakika, picha ikaingia WhatsApp. Cheti cha ndoa. Na picha nyingine, Leodegar kijana, suti kubwa kuliko mwili, ameshikana mkono na binti mwenye shela.

Clara aliitazama ile simu muda mrefu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, lakini mdomo bado uligoma.

—Siku hizi picha zinatengenezwa. Wapinzani wamekupa nini, mama?

—Wamenipa mtoto anayenitukana. Haya, mpigie mchumba wako, umuulize.

Demetria akampigia Eusebia, akaiweka simu mezani, spika wazi, akamwambia anyamaze asikilize. Clara akampigia Leodegar kwa simu yake, nayo akaweka spika.

—Mama wa taifa langu! Leodegar akachangamka. Gauni la jukwaani limefika?

—Leodegar, Eusebia ni nani?

Kilisikika tu kipaza sauti cha gari la matangazo huko aliko, kinamsifu yeye mwenyewe.

—Nani kakupa hilo jina?

—Nijibu.

—Aah... ni mwanamke mmoja wa kijijini, alikuwaga ananisumbua zamani. Anatafuta umaarufu. Usimjali, mpenzi, yule hata akikasirika ananipunguzia nini? Kura moja tu.

—Na watoto wawili?

—Si wangu. Waulize baba zao.

Kwenye simu ya pili mtu akavuta pumzi.

—Leodegar, ilisema sauti ya Eusebia, bila kupanda. Mama yako amekaa hapa nilipo. Amekusikia ukiwakana wajukuu zake.

—Eusebia? We... Clara, nani huyo? Kata simu! Kata!

Kabla Clara hajagusa kitu, ikaja sauti ya kizee, nyembamba, inayotafuta maneno.

—Leodegar mwanangu. Ulisema atakupunguzia kura moja. Punguza na yangu.

Simu ya mgombea ikakatika.

Clara aliteremka kwenye kochi mpaka sakafuni. Demetria hakusema "nilikuambia". Alikaa naye pale chini, akamvuta kichwa kifuani kama alivyokuwa akimvuta akiwa na homa za utotoni.

Jioni ujumbe ukaingia:

"Clara usiniharibie. Simama na mimi jukwaani hiyo siku moja tu, ndoa tutaongea baada ya uchaguzi. Nitakupa ukuu wa wilaya. Nafasi yangu ya kushinda iko mikononi mwako."

Clara akajibu mwenyewe, bila kuuliza mtu:

"Mke unaye. Kamsimamishe yeye."

Kisha akaitoa barua ya kuacha kazi kwenye mkoba, akaichana. Jumatatu saa mbili alikuwa mezani kwake Kurasini, macho yamevimba, anapanga nyaraka za watu.

Leodegar alizindua kampeni peke yake. Akina mama wakauliza lilelile, mkewe yuko wapi? Rogers alijibu kwamba mheshimiwa ameoa nchi. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

—Basi nchi nayo ataiaga anakwenda semina!

Maana habari ya Lihutu ilishapanda kwenye lori la Isack, na madereva hawaachi mzigo njiani.

Uchaguzi ukapita. Leodegar hakushika hata nafasi ya nne. Siku ya tatu yake Isack akarudi na kahawa, akaegesha, akaja benchini, akamkuta Clara anamsaidia mama yake kukaanga maandazi kabla ya kwenda ofisini.

—Mama, nimepita kituo cha Shule ya Lihutu. Matokeo wamebandika mlangoni, nikapiga picha.

Clara akaipokea simu. Akaitazama. Kisha akafuta mikono ya mama yake kwa khanga na kumkabidhi ile simu.

—Soma wewe, mama. Mie kusoma kulinishinda.

Demetria akaweka kidole chini ya majina, akayashuka moja moja mpaka alipofika.

—Leodegar, alisoma. Sifuri.

—Hata mama yake? Clara akauliza.

Demetria hakucheka. Aliirudisha simu kwa Isack, akageuza maandazi yasiungue.

—Hata mama yake.